Jaketi okozi si mto wa kukalia

Fom ya Agosti tayari mshaipanga. Mmechanga kwa M-Pesa, mmepata nyumba Shela au Diani, na kwenye grupu la WhatsApp kuna mtu ashatuma picha ya boti. Poa kabisa. Lakini kabla hujatia mguu kwenye hiyo boti, hebu nikuulize: injini ikizimika katikati ya maji, wewe utafanya nini?

Wengi wetu jibu letu ni moja: "Kapteni atajua." Mimi nasema hilo halitoshi. Kapteni ni mtu mmoja, nyinyi mko kumi na wawili.

Tazama boti za wikendi. Jaketi okozi zimo, ila zimerundikwa chini ya viti au zimegeuzwa mito ya kukalia. Anayeivaa anachekwa: ati ni mshamba, ati anaogopa maji, ati ataharibu picha. Buda, tuachane na hiyo. Mvuvi aliyekulia majini huko Pate huichunga bahari kila siku. Sisi wa kutoka Umoja na Rongai ndio tunaoiletea ujuaji.

Visingizio navijua. Cha kwanza: "Najua kuogelea." Uliogelea kwa kidimbwi cha hoteli, msee. Kule hakuna mkondo wala wimbi, na ukichoka unashika ukingo. Cha pili: "Ni safari fupi tu." Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka pale Mombasa ikiwa imejaza watu kupita kiasi. Watu 272 walikufa kwenye kivuko ambacho abiria walikivuka kila siku kwenda kazini. Cha tatu: "Nitaivaa mambo yakiharibika." Boti ndogo hupinduka kwa sekunde chache. Jaribu kufunga kamba za jaketi ukiwa umemeza maji, huku mwenzako amekushika shingo. Mfa maji haachi kutapatapa, na atamshika yeyote aliye karibu.

Kuna jambo ambalo hatuambiwi vya kutosha. Maji ya pwani yetu ni ya uvuguvugu, kati ya nyuzi 25 na 29 hivi. Si kama bahari za Ulaya ambako baridi humaliza mtu haraka. Hapa kwetu kinachoua mapema ni kuchoka na kushindwa kuelea. Maana yake ni kwamba ukiwa na jaketi iliyokubana vizuri, unaweza kungoja msaada kwa saa nyingi. Bila jaketi, huenda usimalize hata nusu saa.

Sasa, mambo yakiharibika. Injini ikizima, msisimame wala msikimbilie upande mmoja, kwa sababu hapo ndipo boti inapopinduka. Kaeni chini, katikati. Kama maji si marefu sana, nanga ishushwe mapema ili mkondo usiwapeleke kwenye mwamba au bahari kuu. Nanga ikifungwa omo, boti itayakabili mawimbi badala ya kupigwa ubavuni. Kama inaingiza maji, kila mwenye kopo akumbe.

Mtu akianguka majini, paza sauti, mrushie chochote kinachoelea, na mmoja wenu amwonyeshe kwa kidole bila kumwondolea macho. Kichwa cha mtu kati ya mawimbi hupotea ukipepesa tu. Usirukie ndani, mtakuwa wawili wa kuokolewa. Na kapteni azime injini akimkaribia, rafadha isije ikamkata.

Boti ikipinduka, kaeni nayo. Ufuo utauona kama uko karibu, lakini macho yanadanganya majini, na boti iliyopinduka huonekana kwa mbali kuliko kichwa chako. Ukiona chombo kinapita, nyoosha mikono yote miwili pembeni, uipandishe na kuishusha polepole. Hiyo ni ishara ya kuomba msaada inayotambulika dunia nzima. Kukiwa na redio ya VHF, tumieni chaneli ya 16: semeni "Mayday" mara tatu, kisha jina la boti, mlipo, idadi ya watu na shida yenyewe. Bila redio, pigeni 999 au 112. Na simu utaipiga vipi ikiwa imelowa? Itie kwenye mfuko usiopitisha maji kabla ya safari, si baada ya kuzama.

Lakini ukweli ni kwamba dharura hushindwa ama hushinda pale gatini. Agosti ni msimu wa kusi, na bahari huchafuka. Kapteni akisema leo haiendeki, usimtajie pesa uliyolipa wala usimwongezee mia tano. Akisema inaendeka, muulize kwa heshima: "Kapteni, jaketi zatutosha sote? Ya mtoto ipo? Nanga je? Boti inabeba watu wangapi?" Kapteni wa kweli hakasiriki kwa maswali hayo.

Najua utaniambia hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli. Halmashauri ya Usafiri wa Baharini ipo, na Kikosi cha Walinzi wa Pwani kipo tangu 2018. Boti inayoondoka imejaa watu wasio na jaketi ni aibu yao, na lazima tuwaulize. Ila mkaguzi hatakuwa nawe katikati ya mkondo. Atakayekufikia kwanza huenda ni mvuvi aliyekuwa akivuta nyavu zake, na atakachotafuta ni kitu kinachoelea.

Kwa hivyo wewe uliyetuma picha ya boti kwenye grupu, nakupa kazi. Siku hiyo vaa jaketi yako wa kwanza, kabla hamjaondoka gatini. Watacheka kidogo, halafu wa pili atavaa, na wa tatu. Picha mtapiga tu, tena ile rangi ya machungwa hutoka fiti sana kwenye jua la jioni. Na kama jaketi hazitoshi, shukeni. Boti ingine itakuja.