Moto wa Ufipa Hauzimwi kwa Waraka

Ifikapo Agosti nyasi za uwanda wa juu wa Ufipa huwa zimekauka, na upepo wa kusini-mashariki hauna miti ya kuuzuia. Ndipo moto huonekana usiku, umejinyoosha toka juu Sumbawanga hadi mteremko wa kwenda Kaoze na Bonde la Rukwa. Na kila mwaka lawama ni ile ile: mwanakijiji hana elimu.

Lawama hiyo ni ya uvivu, tena ina dharau. Mfipa hakungoja bwana shamba amfundishe kwamba nyasi ni mali. Mvua zinapokaribia kwisha, hukata mabonge ya udongo pamoja na majani yake, akayageuza na kuyalundika yawe tuta la mviringo liitwalo intumba. Ndani yake nyasi huoza; juu yake hupandwa maharage. Msimu unaofuata tuta hutawanywa, na ulezi hupandwa katika rutuba ya nyasi zile zile ambazo mwingine angezipiga kiberiti. Hiyo ni sayansi, ijapokuwa haikuandikwa ubaoni. Moto huirusha naitrojeni hewani, na majivu yabakiayo husombwa na mvua za kwanza.

Basi nani achomaye? Wapo wafugaji watafutao majani mabichi, warina asali, vijana wawindao panya, na wakulima wenye haraka. Lakini yuko mwingine ambaye hatajwi kamwe katika taarifa za uharibifu wa mazingira, maana mara nyingi ndiye anayeziandika. Siku ya usafi majani makavu na mifuko ya nailoni hulundikwa nyuma ya ofisi, hutiwa moto mchana upepo ukiwa mkali, na mlinzi huachiwa auangalie. Shuleni hutumwa wanafunzi wachome nyasi kuzunguka uwanja. Jumatatu mwalimu yule yule huwafundisha hifadhi ya mazingira. Mtoto hushika lile aliloliona.

Si kwamba sheria hakuna. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inadhibiti uchomaji wa uoto, na Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inakipa kijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo zake, zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Lakini ni mara ngapi rasimu hupigwa chapa wilayani, pengo likaachwa la kujaza jina la kijiji, kisha mkutano mkuu ukasomewa haraka haraka na mikono ikanyooshwa? Faini imo. Nani atakata njia ya moto, mwezi gani, na nani atawaita watu moto ukiponyoka, hayo hayamo.

Mkoloni aliijaribu njia hiyo kule Uluguru. Amri za kukata matuta ya ngazi milimani, zilizotolewa pasipo ridhaa ya wenye milima, zilizaa ghasia mwaka 1955, na mpango mzima ukafa. Udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli. Mabwana wale hawakukosea juu ya udongo. Walikosea juu ya watu.

Marufuku ya mwaka mzima ina ubaya wa pekee. Humfanya mtu achome kwa kificho, Septemba au Oktoba, kisha akimbie. Moto wa namna hiyo hauna mwenyewe, na ndio unaopanda hadi msitu wa Mbizi, juu ya mji wa Sumbawanga, penye vyanzo vya maji na mbega wekundu. Ukingo wa msitu ukiungua, nyasi huchukua nafasi ya miti, na nyasi hizo hukaribisha moto wa mwaka unaofuata. Mwenye kibali cha Mei au Juni, nyasi zingali na unyevu, huchoma mchana mbele ya majirani na kukaa na moto wake mpaka uzimike.

Hapana budi vibali hivyo vijadiliwe na mkutano wa kijiji wenyewe, vitolewe mapema na karibu, si baada ya safari tatu za kwenda wilayani. Na kabla mwanakijiji hajatozwa hata senti moja, kila ofisi na kila shule ichimbe shimo la mboji. Mkuu wa shule asiyejua namna ya kuozesha majani anaweza kumwita mzee yeyote wa jirani anayelima intumba. Atakuja na jembe lake.