Tela lisilo na kadi ni chuma tu

Mkulima wa Mlangali hahitaji kuelezwa maana ya usafiri. Viazi anavilima vizuri, mahindi anayapata, na maharage hayampi shida. Shida huanza siku ya kuvuna, pale magunia yanapokuwa yamepangwa pembeni mwa shamba, huku lori la mnunuzi limesimama barabara kuu na njia ya kutoka shambani kwenda huko ni kilomita kadhaa za utelezi na makorongo. Kipande hicho kifupi ndicho kinachoamua nani atapanga bei. Mnunuzi akilazimika kuyafuata magunia shambani, bei ni yake na kipimo ni chake. Hapo ndipo lumbesa inapozaliwa, pamoja na kwamba Wakala wa Vipimo hawachoki kusema kuwa gunia lisizidi kilo 100.

Ndiyo maana tela la kuchomelea mtaani limekuwa na soko kubwa katika vijiji vya Ludewa, Njombe na hata Makambako. Fundi huchukua ekseli ya pikapu iliyokufa, chaneli au bomba nene la chuma, engo kwa ajili ya bodi, mbao za sakafu na matairi mawili, akatengeneza tela la kuvutwa na pawatila au trekta. Wazo hili si geni kwetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wakulima wa Nyanda za Juu Kusini walihimizwa kutumia maksai na mikokoteni. Baada ya azma ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, pawatila zilisambazwa katika wilaya nyingi, na wengi waligundua upesi kwamba mashine ile huingiza fedha zaidi ikivuta mzigo kuliko ikilima.

Safu hii inaliunga mkono tela la nyumbani. Linatumia vyuma vilivyopo, linampa fundi wa kijijini kazi, na linamfikisha mkulima mahali ambapo wanunuzi ni wengi kuliko mmoja. Lakini tunasema wazi kwamba sehemu kubwa ya matela haya yanajengwa nusu. Chuma kinakamilika, karatasi hazianzi kabisa.

Wengi huamini kuwa usajili ni wa kitu chenye injini. Sivyo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inalitambua tela kama chombo kinachovutwa na gari, na likiingia barabarani linatakiwa kuwa na usajili wake lenyewe, mbali na ule wa kinachovuta. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, ndiyo inayosajili na kutoa kadi. Sheria ya bima ya magari nayo inataka madhara yatakayompata mtu mwingine yawe yamekatiwa bima. Mkokoteni wa punda au maksai ni jambo jingine. Lakini siku utakapoufunga mkokoteni huo nyuma ya trekta na kwenda nao barabara kuu, umeshabadilisha jina lake mbele ya sheria.

Madhara ya kukosa karatasi hayaishii kwenye faini ya askari wa usalama barabarani. Fikiria tela lisilo na namba linakatika kiungo kwenye mteremko na kumgonga mtoto wa jirani. Hakuna bima ya kumtibu wala ya kuifidia familia yake. Mwenye tela atauza shamba, na jirani atabaki na kilema. Hata bila ajali hasara ipo. Tela lisilo na kadi halikubaliki kuwa dhamana ya mkopo, likiibwa huna namba ya kuwapa polisi, na ukitaka kuliuza mnunuzi atakulipa bei ya chuma chakavu.

Tunashauri, kwa hiyo, mkulima aanze na karatasi kabla ya kuwasha mashine ya kuchomelea. Kwanza, amwone mkaguzi wa magari wa polisi wa usalama barabarani wilayani akiwa na mchoro, hata wa mkono, wenye vipimo vya urefu, upana, uzito anaotaka kubeba na chombo kitakachovuta. Amweleze pia kama kinachovuta ni pawatila au trekta, na kama chenyewe kimesajiliwa, maana tela halali nyuma ya mashine isiyo halali halisaidii. Kumwambia mkaguzi shida zako kabla ya kujenga hakugharimu kitu. Kukatakata chesesi iliyokwisha kuungwa kunagharimu.

Pili, atunze risiti za kila kitu. Ekseli na springi nyingi zinatoka kwa wauza chuma chakavu, na usipokuwa na risiti huwezi kuonyesha kwamba hukununua mali ya wizi. Fundi naye aandike hati fupi kwamba tela hili amelitengeneza yeye, kwa ajili ya nani na lini. Tatu, namba ya chesesi igongwe kwenye chuma chenyewe, mahali panapoonekana na pasipoweza kufunguliwa kwa spana. Namba iliyoandikwa kwa rangi si namba. Nne, tela likikamilika likaguliwe, kisha taarifa ya ukaguzi pamoja na namba ya mlipakodi, yaani TIN, na ushahidi wa umiliki vipelekwe TRA. Bima ikatwe kabla ya safari ya kwanza, si baada ya kusimamishwa.

Sasa tuje kwenye chuma, maana karatasi nzuri haziokoi tela bovu. Kosa la kwanza tunaloliona ni mahali pa ekseli. Ikiwekwa mbele mno, mzigo hulalia nyuma, ulimi wa tela huinuka na kuinyanyua pawatila. Kanuni rahisi kwa tela la ekseli moja ni kwamba karibu asilimia 10 ya uzito wote ilale kwenye kiungo. Tela na mzigo vikiwa kilo 1,500, basi ulimi ukandamize kama kilo 150, yaani gunia moja na nusu. Ekseli isogezwe nyuma kidogo ya katikati ya bodi hadi hesabu hiyo ipatikane.

Kosa la pili ni breki. Nchi yetu ni ya milima, na mzigo unaoteremka husukuma kinachovuta. Dereva wa pawatila lazima ajue jambo moja ambalo halionekani kwenye tambarare: mashine ikiwa inasukumwa mteremkoni, ukibonyeza klachi ya kushoto inaweza kukupeleka kulia. Wengi wameingia korongoni kwa kutolijua hilo. Tela la pawatila liwe na breki zake lenyewe, zinazoshika magurudumu yote mawili kwa pamoja, na dereva ateremke kwa gia ndogo aliyoiingiza kabla mteremko haujaanza.

Kosa la tatu ni kiungo. Pini iwe na kizuizi cha kuizuia isiruke, na pembeni yake uwepo mnyororo wa akiba ulioshikizwa pande zote mbili, ili pini ikikatika tela lisiende peke yake. Fundi asichomelee juu ya bomba la ekseli ovyo ovyo, kwa sababu moto hukilegeza chuma na ufa huanzia hapo. Afunge springi kwa boliti za U. Kosa la nne ni mwanga. Tela liwe na taa nyuma, indiketa, na viakisi mwanga vyekundu nyuma na vyeupe mbele. Kwa Mlangali hili si pambo. Ukungu wetu unajulikana, na kipande cha Lusitu hadi Mawengi cha barabara ya Itoni, Ludewa hadi Manda kimejengwa kwa zege. Barabara nzuri ni baraka, lakini magari yanayokuja nyuma yako sasa yanakwenda kasi kuliko zamani. Na tela hili ni la mizigo. Kuwapandisha watu juu ya magunia, iwe ni kutoka shamba au kwenda msibani, ni kuomba msiba wa pili.

Wapo watakaosema kwamba tunamwongezea gharama mkulima ambaye hata mbolea inamshinda. Hoja hiyo ni ya haki, basi tuipigie hesabu. Takwimu zifuatazo ni za mfano. Kila mmoja aweke za kwake. Tuseme tela limegharimu sh. 3,600,000, na ndani yake sh. 600,000 ni za taa, ukaguzi, usajili na bima ya kuanzia. Tuseme kukodi usafiri kutoka shambani hadi barabarani ni sh. 4,000 kwa gunia, na ukitumia tela lako mafuta, dereva, matairi, matengenezo na bima ya kila mwaka vinakula sh. 2,000. Unaokoa sh. 2,000 kwa kila gunia. Ili fedha yako irudi, lazima ubebe magunia 1,800.

Mwenye ekari 3 za viazi anayepata magunia 60 kwa ekari ana magunia 180 kwa mwaka. Kwake tela litarudisha fedha baada ya miaka 10, na pengine litakuwa limeoza kabla ya hapo. Lakini wakulima 10 wa aina yake wakiungana, magunia 1,800 yanapatikana katika mwaka mmoja. Na zile sh. 600,000 za kuhalalisha tela, ukizigawa kwa magunia hayo 1,800, ni kama sh. 333 kwa gunia. Kila mkulima ajiulize lumbesa inamnyang'anya debe ngapi kwa gunia, na debe moja la viazi linauzwa shilingi ngapi. Atagundua kwamba kilichomfilisi hakikuwa kadi ya TRA.

Hesabu hiyo inatufundisha mambo mawili. La kwanza, mkulima mdogo asijenge tela peke yake kwa sifa. Kama mzigo wake ni mdogo, kukodi ni nafuu. La pili, tela la kikundi ndilo lenye faida, na kwa kikundi karatasi ni muhimu maradufu. Kadi iandikwe jina la kikundi kilichosajiliwa au la AMCOS. Ikiandikwa jina la mwenyekiti, siku akifariki tela litaingia kwenye mirathi, na wanachama tisa watabaki wakisimulia jinsi walivyochanga. Kikundi kikianza kubeba mizigo ya watu wengine kwa malipo, hiyo ni biashara ya usafirishaji. Waende LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, wakaulize leseni inayowahusu kabla ya kupokea malipo ya kwanza.

Baada ya kumwambia mkulima wajibu wake, hatuna budi kuwageukia wenye ofisi. Utaratibu wa usajili umewekwa kana kwamba kila mwenye tela ni kampuni ya mjini yenye karani wa kufuatilia. Mkulima wa Mlangali anatakiwa alifikishe tela kwa mkaguzi, lakini akiliingiza barabarani kabla halijakaguliwa anakamatwa. Afuatilie TIN, arudi polisi, aende tena TRA, na kila safari ni nauli na siku ya kazi. Mtu akishapiga hesabu ya safari hizo, huamua kupita njia za panya alfajiri. Sheria ambayo njia ya kuitii ni ngumu kuliko njia ya kuikwepa haimlindi yule mtoto wa jirani.

Tunapendekeza jambo moja lisilohitaji bajeti mpya wala sheria mpya. Kabla ya msimu wa kuvuna, halmashauri ipange siku moja katika kata ambapo mkaguzi wa magari, ofisa wa TRA na mtu wa bima watakaa pamoja kwenye uwanja wa soko. Matela yaliyopo yakaguliwe hapo hapo, yenye kasoro yapewe orodha ya marekebisho na tarehe ya kurudi, na wenye nayo wasitozwe faini kwa kuja wenyewe. SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo kama karakana hizi, litoe michoro miwili au mitatu ya matela ya tani moja na tani mbili ambayo mkaguzi ameikubali. Fundi akiufuata mchoro, ukaguzi utakuwa kazi ya dakika chache. VETA nao wawape mafundi wetu mafunzo mafupi ya breki na viungo vya kuunga.

Mafundi nao wana sehemu yao. Fundi anayekataa kukabidhi tela lisilo na namba ya chesesi, mnyororo wa akiba na taa, anaweza kupoteza mteja mmoja leo. Lakini kazi yake itaaminika, na atakapoulizwa mahakamani nani alitengeneza tela lililoua, hatakuwa na sababu ya kujificha.

Wakati wa kufanya haya ni sasa, kabla mashamba hayajaanza kuvunwa. Viazi vikishachimbwa havingoji kadi, na mkulima mwenye magunia yanayoanza kuoza atafunga chochote chenye magurudumu mawili nyuma ya pawatila na kuingia nacho kwenye ukungu.