Akirudi mtaani, acha kumhesabia vidonge

Wewe msomaji wa Umoja, Kayole, Dandora ama Jericho, najua mchango wa hospitali ulituma. Huku Eastlands kuchanga tunajua. Grupu ya WhatsApp inafunguliwa asubuhi, jioni M-Pesa zimeingia. Shida ni baadaye, mgonjwa wa saratani ya damu akisharudi nyumbani. Grupu inanyamaza, umbea unaanza.

Mimi si daktari, hata chuo niliacha katikati. Lakini hili si siri: kuna aina ya saratani ya damu, CML, ambayo siku hizi mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi kwa kumeza dawa kama imatinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001. Unaimeza kila siku, na chakula na glasi kubwa ya maji. Inaweza kukuvimbisha macho, kukukaza misuli usiku na kukuchefua tumbo.

Sasa fikiria ploti zetu. Bomba moja, choo kimoja, kuta nyembamba. Jirani akiona kijana wa miaka 24 anameza vidonge kila jioni, ashaamua: "Huyo ako na ukimwi." (Na hata angekuwa nao, wewe inakuhusu nini?) Kijana akisikia anasemwa, anaanza kuzificha. Yuko na maboyz kibandani, saa ya dawa inapita. Kesho pia inapita. Na kuruka dozi ndiko kunakoupa ugonjwa nafasi ya kupanda tena. Huo umbea wako si mzaha.

Bob Collymore, aliyekuwa bosi wa Safaricom, alienda Uingereza mwaka 2017 kutibiwa saratani ya damu, aina nyingine iliyo kali zaidi. Julai 2018 akarudi kazini, akaongea waziwazi kuhusu ugonjwa wake, na tukampongeza. Alipofariki Julai 1, 2019, nchi ilishtuka. Tulikuwa tumeona suti, tukadhani yameisha. Wa Kayole hata hiyo nafasi ya kuongea hatumpi.

Kwa hivyo akikataa mpira wa Jumapili, usimwambie "si ulipona?" Huenda amechoka, ama kesho anapimwa damu na usingizi umekataa. Mbebee mtungi wa maji hadi orofa ya nne. Siku ya kliniki, uliza kama ana nauli ya mathree. Na saa ya dawa ikifika mkiwa pamoja, mpe maji, muendelee na stori.