MCHEZA KWAO HUTUNZWA, LAKINI LINI?

Na Mwanachama, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Methali hii naipenda, ila leo nina neno nayo kidogo.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa Jiografia alitufundisha habari za milima ya Alps, nami nikavutiwa na Chamonix, mji mdogo wa Ufaransa ulioko bondeni chini ya Mont Blanc. Mlima huo una mita 4,800 na ushei, kwa hivyo Mlima Kenya wetu wenye mita 5,199 unaushinda! Zamani wenyeji wa bonde hilo walikuwa wafugaji na wakulima wa kawaida tu, wakiishi na baridi kali, na mito ya barafu ikishuka hadi karibu na mashamba yao.

Mwaka wa 1786 wenyeji wawili walifika kileleni kwa mara ya kwanza: Jacques Balmat, mtafuta mawe ya kung'aa, na daktari Michel-Gabriel Paccard. Mwaka uliofuata akapanda bwana msomi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure. Sasa nawauliza, mwaka wa 1887 ni nani waliojengewa sanamu mjini? Balmat na yule msomi! Daktari Paccard, mzaliwa wa pale pale, alingoja sanamu yake mpaka 1986. Miaka mia mbili, jamani!

Hata hivyo, watu wa Chamonix hawakukaa wakilia. Mwaka wa 1820 viongozi watatu wa wapanda mlima waliuawa na poromoko la theluji. Mwaka wa 1821 wenzao wakaunda chama chao, nacho kipo hadi leo. Kazi ya kumwongoza mgeni mlimani ikawa na heshima na malipo yake.

Mbona haya yananihusu? Mjomba wangu ni mpagazi wa Mlima Kenya, upande wa Naro Moru. Mwaka wa 1899 Mwingereza Halford Mackinder alifika kilele cha Batian pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel, viongozi kutoka Courmayeur, upande wa pili wa Mont Blanc. Barafu mbili za mlima wetu zikaitwa César na Joseph. Sina ubaya nao, kazi waliifanya. Lakini wale Waswahili na Wakikuyu, zaidi ya mia moja, waliobeba mizigo, ramani inawataja wapi?

Kuna watakaosema ati jina halijazi tumbo. Nawapinga. Asiyejulikana kwa jina hulipwa kama punda: mzigo ukishushwa, naye amesahauliwa.

Tena wakati hautungoji. Kule Chamonix barafu kubwa iitwayo Mer de Glace imeyeyuka mno, hata ikafika wakati mgeni alilazimika kushuka mamia ya ngazi kuifikia. Yetu nayo imepungua vibaya. Barafu ikiisha, wazee walioijua watakuwa wapi?

Rai yangu ni hii: chama chetu kifunge safari, kiwahoji wapagazi wakongwe, na majina yao yachapishwe katika gazeti hili mwakani. Mimi nitaanza na mjomba, likizo hii. Nawe je, utaanza na nani?