Njia ya ng'ombe iingie kwenye ramani ya kijiji

Juni na Julai, upepo wa uwanda wa Singida huleta baridi ambayo mkazi wa Pwani haijui. Katika maboma ya Wabarbaig na Wataturu, akina mama huamka alfajiri kukamua. Maziwa ni kidogo, na ndama naye lazima abakiziwe. Baridi hiyo huvumilika. Kinachotisha ni kwamba mvua ya mkoa huu ni ya msimu mmoja tu, kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, na ikikatika Mei hairudi hadi Novemba au Desemba.

Hapo ndipo familia hugawanyika. Wazee, watoto na ng'ombe wachache wa maziwa hubaki bomani, vijana huondoka na kundi kubwa kufuata maji na majani. Mijini utaratibu huo huitwa kuhamahama ovyo. Kwa hesabu za uchumi si ovyo hata kidogo. Ng'ombe wa kienyeji huhitaji takriban lita 25 za maji kwa siku. Akizuiliwa pasipo na lambo hukonda, na mnadani mnunuzi hulipia nyama, halipii mifupa. Kununua mashudu ya kundi zima ni gharama isiyobebeka, hata katika mkoa unaosifika kwa alizeti.

Alizeti hiyo hiyo, pamoja na mtama, imekula mapito. Shamba likilimwa hadi ukingoni mwa lambo, mifugo itapita wapi? Ndipo faini na kesi zisizokwisha kwa mtendaji wa kijiji. Mkulima naye hubaki na hasara, na huenda shamba lenyewe aligawiwa na kijiji hicho hicho.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 11, inaruhusu vijiji kukubaliana kutumia ardhi kwa pamoja. Huko Kiteto, mkoani Manyara, vijiji vya Lerug, Ngapapa na Orkitikiti vilifanya hivyo katika miaka ya 2010, na malisho yao yakaitwa Olengapa. Halmashauri za Mkalama, Iramba na Ikungi zinaweza kuanza na mapito machache yanayogombaniwa zaidi, kabla ya jembe kuingia shambani. Vijana wanaoswaga mifugo waitwe kikaoni, kwani njia wanazijua wao kuliko mpima ardhi. Mapito yapimwe, yawekewe alama, na kila lambo liachiwe upande wa ng'ombe kushukia.