Mambo ya Nyumbani: Mtoto wa Kulea na Milango Mingi

Mwezi huu twataka kunena habari za mtoto aliyeondolewa katika nyumba ya wazazi wake, akatiwa katika nyumba ya watu wengine apate kulelewa. Kwa Tanzania Bara njia ya jambo hili imewekwa na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kwa Zanzibar iko Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011. Maofisa wa Ustawi wa Jamii huliita malezi ya kambo. Jina hili halitupendezi sana, kwani neno kambo huwakumbusha watu mara moja yule mama mkali wa hadithi, anyimaye mtoto chakula. Wazee walisema mtoto wa kulea, na sisi twapenda kusema hivyo. Tena ifahamike ya kwamba kulea si kuasili. Mtoto aliyeasiliwa kwa amri ya Mahakama Kuu amekuwa wako kwa sheria. Mtoto wa kulea angali mtoto wa wazazi wake, nawe umepewa kumtunza kwa muda.

Jamaa nyingi za Kikristo zimefungua milango yao kwa watoto hawa, na upendo mara nyingi upo. Walakini tumeona ya kwamba nyumba yenye upendo yaweza kushindwa, kwa sababu mtoto wa kulea huja na watu wengi nyuma yake. Yuko askari wa Dawati la Jinsia na Watoto aliyempokea kwanza. Yuko afisa ustawi wa jamii, yuko hakimu wa Mahakama ya Watoto, yuko mganga, yuko mwalimu, yuko mtendaji wa kata, na wako watu wa RITA kwa habari ya cheti cha kuzaliwa. Kila mmoja hufanya kazi yake, na kila mmoja huandika katika kitabu chake mwenyewe. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na hapa shida yazidi, maana kila nahodha hudhani usukani umo mikononi mwa mwenziwe.

Tuwaze mfano. Mtoto wa kike, umri wake miaka saba, aletwa na polisi usiku katika nyumba ya familia ya kuaminika, yaani watu waliokwisha kuchunguzwa na kukubaliwa na Ustawi wa Jamii kupokea watoto wa dharura. Baada ya majuma machache apelekwa kwa walezi wengine, katika kata nyingine. Tuseme mtoto huyu hunywa dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Kadi yake ya kliniki ilibaki nyumbani kwa mama yake. Afisa alidhani kliniki itawaambia walezi. Watu wa kliniki walidhani mama yake amekwisha kusema. Familia ya kwanza iliambiwa ni siri, ikanyamaza hata kwa wale waliopasa kujua. Siku kumi zapita bila dawa. Sasa dawa hizi hutakiwa kila siku, na zikikatizwa virusi hupata nafasi ya kuongezeka, hata huweza kuzoea dawa isifanye kazi tena. Na katika watu hao wote hutamwona hata mmoja mwenye nia mbaya. Shuleni nako mtoto huyo huyo asinzia darasani, kwa kuwa usiku halali kwa hofu, na mwalimu ambaye hakuambiwa lolote amwandika mvivu.

Basi, ni nani ashike uzi wote? Kwa desturi ya kazi ni afisa ustawi wa jamii, na sisi twaona ndivyo ipasavyo. Lakini maofisa hawa ni wachache, na mmoja huweza kutumikia kata nyingi bila chombo cha kusafiria. Ndiyo sababu mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ulioanza mwaka 2017/18 na kujulikana kwa jina la MTAKUWWA, uliweka Kamati za Ulinzi wa Wanawake na Watoto katika vijiji na mitaa, katika kata na katika halmashauri, ili watu wa idara mbalimbali wakae meza moja. Huko Unguja, katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, kilianzishwa mwaka 2011 kituo cha Mkono kwa Mkono, ambamo mtu aliyetendwa vibaya huonana na mganga, askari na mshauri mahali pamoja, asitumwe huku na huku akirudia habari yake kwa kila mgeni. Jina lile lilichaguliwa vema, na twatamani kamati za vijiji zilichukue kwa moyo. Maana tumesikia za nyingine ambazo hukutana mpaka aje mgeni kutoka wilayani.

Kwa upande wa nyumba, twawashauri walezi wawe na daftari moja. Si lazima liwe zuri. Liandikwe siku mtoto alipokuja na aliyemleta, jina la afisa na simu yake, dawa anazotumia na siku ya kurudi kliniki, shule aliyotoka, na majina ya ndugu zake na mahali walipo. Kadi ya kliniki na nakala ya amri ya mahakama zitiwe humo. Cheti cha kuzaliwa kikikosekana, ombeni kwa afisa tangu juma la kwanza, wala msingoje siku ya kuandikishwa shule. Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, mpango wa RITA ulioanza Mbeya mwaka 2013 humwezesha kuandikishwa bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata. Mwaka 2016 ada ya shule ya serikali iliondolewa hata kidato cha nne, lakini sare na madaftari hudai fedha, na mlezi asione haya kuuliza nani atasaidia. Daftari hili hufungiwa kabatini. Mtoto akihama, nalo huhama pamoja naye.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni nyumba aliyotoka mtoto. Msaada wote humfuata mtoto: viatu, blanketi, maziwa. Mama yake aliyebaki, pengine akiwa mgonjwa, pengine akipigwa na mume, pengine akiwa mlevi, hana amtembeleaye. Miezi sita ikipita watu huuliza, Je, mtoto aweza kurudi? nao huona ya kwamba nyumba ile ni kama walivyoiacha. Ingewezekanaje iwe vingine? Ikiwa nia ni mtoto arudi kwao iwapo kwao ni salama, basi mama yule naye lazima awe katika mpango: atibiwe, alindwe, na apangiwe siku za kumwona mwanawe, isipokuwa mahakama imekataza. Walezi wengine huchukia siku hizo, kwa kuwa mtoto hulia akirejea. Twawasihi wavumilie. Mtoto aliaye kwa kuachana na mama yake hajaharibika.

Kwa walimu tuna neno. Ninyi mwakaa na mtoto saa nyingi kuliko afisa yeyote, nanyi mwaona mapema alama za kipigo, njaa au huzuni. Mwapaswa kuambiwa yale yawasaidiayo kumfundisha na kumlinda, wala si zaidi. Na kanisani vilevile: tumechukizwa na desturi ya kumsimamisha mtoto mbele ya watu na kusimulia alikookotwa, ili sadaka iongezeke. Habari ile ni mali yake. Mkiona dalili ya hatari na afisa hapatikani, simu ya huduma kwa mtoto ni namba 116, nayo haina malipo.

Mwisho ni habari ya muda. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, wasema katika kifungu cha 25 ya kwamba mtoto aliyewekwa mahali kwa kulelewa ana haki hali yake iangaliwe tena mara kwa mara. Katika kikao cha namna hiyo mlezi aitwe, mtoto mwenyewe aulizwe kwa kadiri ya umri wake, na kila neno lililokubaliwa liandikwe pamoja na jina la atakayelitenda na siku yake. Na kwa kuwa watumishi wa serikali huhamishwa, twaomba jambo moja la maofisa: anayeondoka na anayeingia wafike pamoja katika nyumba ya mlezi, walisome daftari mbele yake, kabla yule wa kwanza hajafunga mizigo yake.