WinRAR ya bure milele: bei yake tunailipa wapi?

Wadau, leo tuweke siasa pembeni kidogo. Nataka tuongelee programu ambayo iko kwenye kompyuta nyingi mno za majumbani, na mwenye kompyuta hajawahi kuifikiria hata dakika moja: ile ya kubana na kufungua mafaili. Najua wengine mtasema hii nayo ni habari? Ndiyo, ni habari, tena inatuhusu mpaka sebuleni.

Tarehe 30 Julai 2025 ilitoka WinRAR toleo la 7.13. Halikuwa toleo la mapambo. Siku 12 kabla yake, watafiti wa kampuni ya ESET walikuwa wamegundua kwamba kifurushi cha RAR kilichotengenezwa kwa hila kinaweza kupachika faili mahali ambapo wewe hukusema, kwa mfano kwenye folda ya programu zinazojiwasha Windows inapowaka. Unafungua kifurushi, unaona barua ya kuomba kazi, unafunga, unaendelea na shughuli zako. Ukija kuingia tena kwenye kompyuta, mgeni yuko ndani. Kundi la wadukuzi linaloitwa RomCom lilikuwa limeshaanza kuutumia upenyo huo dhidi ya makampuni ya Ulaya na Kanada, kwa barua pepe zinazojifanya ni za waomba kazi.

Na hii si mara ya kwanza. Mwaka 2019 kampuni ya Check Point ilitangaza tundu lililokuwa limelala ndani ya WinRAR kwa takribani miaka 19. Mwaka 2023 likaja lingine: unabofya picha ndani ya kifurushi, kumbe inayowaka ni programu ya mwizi. Hilo lilitumika tangu Aprili, dawa ikaja Agosti kwenye toleo la 6.23. Oktoba mwaka huohuo Google wakasema bado makundi yanayosaidiwa na serikali mbalimbali yanalitumia. Jiulize: dawa ipo tangu Agosti, Oktoba watu bado wanaumwa, kwa nini?

Jibu ndilo kiini cha makala hii. WinRAR haijisasishi yenyewe. Ni lazima mtu aende kwenye tovuti, apakue toleo jipya, aliweke. Sasa nani anafanya hivyo? Kompyuta zetu nyingi ni mtumba, fundi ameijaza programu kutoka kwenye flash yake, na toleo lililowekwa siku hiyo ndilo litakalozikwa na mashine. Mbaya zaidi, wengine wanawekewa toleo lililovunjwa kufuli. Jamani! Programu inayokupa siku 40 za majaribio, na zikiisha inakubembeleza tu ununue huku ikiendelea kufanya kazi, unaivunjia kufuli ya nini? Ni kuruka ukuta wakati geti liko wazi, halafu unabeba na kirusi cha aliyekupa ngazi.

Hapo ndipo wajuzi wanaposema: hamia 7-Zip. Hoja yao ina uzito. Igor Pavlov ameitoa tangu 1999, ni bure kweli, na msimbo wake uko wazi kwa anayetaka kuukagua. Lakini tusidanganyane. Na yenyewe ilikutwa na kasoro, ya kupitisha mafaili kutoka intaneti bila ile alama inayoifanya Windows ikuonye. Wadukuzi waliitumia dhidi ya Ukraine, na ikazibwa Novemba 2024 kwenye toleo la 24.09. Na 7-Zip nayo haijisasishi. Ukihama bila kubadili tabia, umehama nyumba tu, mlango umeuacha wazi vilevile.

Kuna njia ya tatu ambayo wengi hawaijui. Tangu 2023 Windows 11 inafungua RAR na 7z yenyewe, bila programu ya pembeni. Ilipoanza haikuweza kufungua vyenye nywila, na haina mbwembwe nyingi. Ila inazibwa pamoja na Windows, na kwa mtu asiyekumbuka kusasisha, hilo ni jambo kubwa kuliko mbwembwe zote. Mwenye Windows 10 yeye ana zip peke yake, na ajue huduma ya kawaida ya Windows hiyo ilikoma Oktoba 14, 2025.

Je, ukubwa wa faili? Wapo wanaobishana hadi usiku ipi inabana zaidi. Kwa maandishi na majedwali, 7z kwa kawaida inaishinda zip, ingawa mashine ya zamani itahema. Lakini picha za JPEG, nyimbo za MP3 na video za simu zilishabanwa tangu zinazaliwa. Kuzibana tena ni kukamua chungwa lililokwishakamuliwa, bando hutaokoa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Kama una Windows 11, tumia iliyomo ndani, na ukimtumia mtu faili tumia zip, ataifungua popote. Unahitaji nywila? Chukua 7-Zip kwenye 7-zip.org, uchague AES-256, maana ulinzi wa kizamani wa zip ni dhaifu. Kama huwezi kuachana na WinRAR, sawa, ila ifungue leo, angalia namba ya toleo. Ikiwa chini ya 7.13, iondoe au weka mpya kabla hujafungua kifurushi kingine.

Kompyuta ya nyumbani ndiyo yenye picha za harusi, kazi za shule za watoto na nywila za benki. Tunanunua kufuli la geti, tunamlipa mlinzi, halafu programu iliyowekwa na fundi miaka sita iliyopita hatuijui hata namba.

Haya, mafundi mliomo humu, mkiuza kompyuta mnaweka toleo gani? Semeni hapo chini.